Sura ya Sita: Hewa Kwanza, Rejeta Baadaye

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, barabara ya TANZAM inakwenda nawe kwa upole mpaka Morogoro, inakupitisha katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kisha inakushusha kwenye bonde la Ruaha. Hapo ni Ruaha Mbuyuni: mibuyu, vitunguu vilivyopangwa kando ya lami, na joto. Mwezi Novemba, kabla mvua hazijaanza, hewa ya mchana bondeni hufika nyuzi 35 na kupita. Ukiliacha bonde tu, mlima umekufikia. Ni Kitonga, kona juu ya kona, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, mpaka uibukie Ilula kwenye nyanda za juu, ukielekea mji wa Iringa uliokaa zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari.

Madereva wa masafa marefu hawahitaji kuelezwa ugumu wa hapo. Injini inafika chini ya mlima ikiwa imeshashiba joto la bonde, halafu inaombwa nguvu zake zote kwa mwendo wa kobe. Mlima wa namna hiyo kwenye baridi ya Makambako ni shughuli ya kawaida. Joto la namna hiyo kwenye tambarare ya Chalinze nalo linavumilika. Vikikutana vyote viwili, na nyuma kuna tela lililojaa, ndipo gari linapochemsha.

Njia hii imebeba mizigo mizito tangu walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965 na Zambia ikalazimika kutafuta njia nyingine ya kufikia bahari. Wakati huo ilikuwa ya udongo, mafuta yakipelekwa Zambia na shaba ikirudi bandarini. Leo ni lami, na malori yanakwenda mpaka Lubumbashi na Kolwezi. Lakini bado utaliona lori limesimama pembeni, kabini imeinuliwa, mvuke unafuka, utingo anashuka na dumu kutafuta maji.

Likishavutwa mpaka gereji, dawa inayotajwa kwanza ni moja: "Rejeta imechoka, tufunge kubwa zaidi." Sura hii inabishana na dawa hiyo. Rejeta kubwa ina siku yake, na tutaifikia. Ila joto la injini safari yake haiishii kwenye maji, inaishia hewani. Anayetaka kuliimarisha lori lake livute tela kwenye joto aanze kule joto linakotokea, yaani kwenye njia ya hewa, kisha arudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye injini. Akianzia upande mwingine, atalipa pesa nyingi na Kitonga itamsimamisha palepale.

Hesabu ya mlima

Tuchukue lori na tela lake, uzito wote tani 56, kiwango cha juu kinachoruhusiwa na Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Tulipe injini ya hospawa 420. Tulipandishe mlima wa asilimia 7, maana yake kila mita 100 za barabara zinakuinua mita 7. Hata dereva akikanyaga mpaka mwisho, hesabu inatoa kilomita kama 22 kwa saa, basi.

Injini nzuri ya dizeli inageuza asilimia kama 40 ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Sehemu kubwa ya inayobaki inatoka na moshi wa ekzosi. Robo hivi ya nishati yote ya mafuta inaingia kwenye maji ya injini, na rejeta ndiyo inayotakiwa kuiondoa. Kwa lori letu hiyo ni karibu kilowati 190. Tuiweke kwa lugha ya jikoni: kila lori linapopanda mita 100 kwenda juu, kazi ya dakika nne hivi, joto linaloingia kwenye maji ya injini lingetosha kuchemsha zaidi ya lita 100 za maji ya kisima. Na maji yote yaliyomo kwenye mfumo mara nyingi hayafiki hata nusu ya hizo lita 100 au yanaizidi kidogo tu. Kwa hiyo maji hayana uwezo wa kulitunza joto hilo. Yanalibeba kutoka kwenye silinda, yanalifikisha kwenye rejeta, yanarudi kubeba jingine.

Hapo hewa inapokea mzigo. Kama hewa inaingia kwenye rejeta ikiwa na nyuzi 35 na kutoka ikiwa na nyuzi 70, lori letu linahitaji karibu mita 5 za ujazo za hewa kila sekunde. Barabarani kwa kilomita 80 kwa saa, upepo wa mwendo unachangia sehemu nzuri. Kwa kilomita 22 upepo huo karibu haupo, na kama upepo wa mlima unavuma kutoka nyuma, usiuhesabu kabisa. Kazi inabaki kwa feni.

Joto la nje nalo linakula haki yake. Rejeta inafanya kazi kwa tofauti kati ya joto la maji na joto la hewa. Maji yakiwa nyuzi 95 na hewa nyuzi 20, tofauti ni 75. Hewa ikiwa 40, tofauti inashuka hadi 55. Rejeta ileile, feni ileile, imepoteza zaidi ya robo ya uwezo wake bila kitu chochote kuharibika. Ndiyo maana lori linaweza kupanda mlima salama Julai, likachemsha Novemba, na dereva akaapa kwamba hakuna alichobadilisha. Anasema kweli. Kilichobadilika ni akiba: Julai ilikuwepo, Novemba imeisha.

Mtihani wa Arizona

Wamarekani wana Kitonga yao. Katika jimbo la Arizona, kando ya Mto Colorado, Barabara ya Jimbo namba 68 inapanda kutoka Bwawa la Davis kwa umbali wa maili 11.4, kama kilomita 18, na kuinuka karibu mita 900. Kwa miaka mingi kila kampuni ya magari ilikuwa inajitangazia yenyewe uzito ambao pikapu zake zinaweza kuvuta, kila moja kwa kipimo chake. Mwaka 2008 chama cha wahandisi wa magari, SAE, kilitoa kanuni inayoitwa J2807, na mlima huo ukawa sehemu ya mtihani. Toyota ilikuwa ya kwanza kuifuata, kwa pikapu ya Tundra ya mwaka 2011.

Masharti yake yanafundisha. Hewa chini ya mlima iwe angalau nyuzi 38. Kiyoyozi kiwe kimewashwa mpaka mwisho, kikivuta hewa ya nje. Tela liwe na uzito kamili unaotangazwa. Pikapu yenye tairi moja kila upande nyuma isishuke chini ya maili 40 kwa saa, kama kilomita 64. Na ikifika juu, isiwe imetapika maji wala kuwasha taa ya hatari.

Ukisoma masharti hayo kwa makini utaona jambo moja: wanapima vitu vyote kwa pamoja, kwa wakati mmoja. Joto, mzigo, mwinuko, kiyoyozi. Lori lililopita mtihani likiwa tupu halijapita. Fundi anayewasha injini gerejini, akaisubiri dakika kumi, akaona geji imetulia akasema "tayari, bosi," hajapima kitu. Injini inayonguruma bila mzigo inatoa joto dogo mno. Hata rejeta iliyoziba nusu inalimudu.

Kinachoziba hakionekani kwa mbele

Sasa tuingie gerejini. Dereva mzee wa njia ya Zambia, anapoambiwa anunue rejeta, huwa na jibu lake: "Fundi, kabla hujamnunulisha tajiri rejeta, nifungulie kwanza intakula."

Ana sababu. Lori la kisasa halina rejeta peke yake pale mbele. Kwanza kuna kondensa ya kiyoyozi, nyuma yake intakula inayopoza hewa iliyobanwa na tabo, ndipo inafuata rejeta ya maji. Hewa inapita zote kwa foleni. Ukichungulia kwa mbele unaiona kondensa, inang'aa, unaridhika. Fungua boliti za intakula, ivute kando, umulike taa kwenye nafasi iliyobaki: utakuta mbawa za wadudu, mabua, manyoya ya ndege, vipande vya nailoni, na juu yake vumbi jekundu la njia za machimboni lililogandana na mafuta ya injini yaliyovuja. Limetanda kwenye uso wa rejeta mpaka mapezi yake hayaonekani. Rejeta hiyo kwa ndani inaweza kuwa nzima kabisa.

Usafishaji wake una adabu yake. Intakula na rejeta zitenganishwe; maji yapitishwe kutoka upande wa injini kwenda mbele, kinyume cha hewa ilivyoingia, ili uchafu urudi ulikotoka. Mahali penye mafuta panahitaji sabuni ya kukata mafuta kwanza, iachwe ikae. Mashine ya kuoshea magari yenye presha kali isisogezwe karibu, na isipigwe kwa mshazari, kwa kuwa mapezi ya aluminiamu ni membamba na yakilala yameziba njia ya hewa kuliko uchafu wenyewe. Yaliyolala yainuliwe moja moja kwa kitana chake.

Kisha tazama kilichoongezwa mbele ya lori. Ngao nene, safu ya spotilaiti, wavu wa kuzuia mawe, bango lenye jina la kampuni: kila kimoja kimekaa mahali hewa inapotakiwa kuingia. Tajiri anayelipia rejeta kubwa huku ameacha ngao imeziba nusu ya grili, pesa yake imekwenda bure.

Mwisho wa ukaguzi huu ni mipira na vibati vinavyoziba nafasi pembeni ya rejeta. Vinaonekana kama pambo, na mafundi wengi wakishavivua hawavirudishi. Kazi yake ni kuizuia hewa iliyokwisha kupata joto isizunguke na kuingia tena mbele. Bila vibati hivyo, kwenye mwendo wa kilomita 20, feni inavuta hewa yake yenyewe ya moto. Nje ni nyuzi 35; rejeta inapata 45. Vipande vichache vya mpira na bati vinarudisha nyuzi hizo kwa bei ya chakula cha mchana.

Feni ndiyo moyo wa mlima

Baada ya njia ya hewa, feni. Kanuni yake ni rahisi na ni kali: ukiongeza kasi ya feni mara mbili, hewa inaongezeka mara mbili, lakini nguvu inayoliwa inaongezeka mara nane. Feni ya lori kubwa ikizunguka kwa kasi yake yote inaweza kula zaidi ya hospawa 30 za injini. Kwa sababu hiyo watengenezaji waliweka kilachi ya feni: feni inalegezwa injini ikiwa ya baridi, inakamatwa joto likipanda.

Kwenye magari mengi kilachi hiyo ina mafuta mazito ya silikoni ndani, na mbele yake kuna springi bapa inayohisi joto la hewa inayotoka kwenye rejeta. Mafuta hayo huvuja pole pole kwa miaka. Ukiona michirizi ya utelezi iliyokamata vumbi kuizunguka kilachi, ndiyo hiyo inakufa. Zima injini ikiwa ya moto, uzungushe mapanga ya feni kwa mkono: yakizunguka raundi kadhaa bila ubishi, feni hiyo inapepea tu mlimani. Malori mengine yana kilachi ya upepo au ya umeme. Hapo kagua waya, soketi na senso kabla ya kukagua kilachi yenyewe.

Wapo wanaoifunga feni moja kwa moja kwa boliti au kuichomelea ili isilegee tena. Ikikufia Ruaha Mbuyuni usiku, fanya hivyo ufike Iringa. Lakini ukiendelea nayo mwaka mzima utailipia kwa dizeli, kwa feni belti na kwa beringi ya pampu ya maji.

Wengine, hasa wenye Hilux na Land Cruiser za kuvuta matela madogo, wanaitupa feni ya injini na kufunga mbili za umeme. Mjini zinafaa, kimya na safi. Lakini feni ya umeme ya kawaida inatumia wati mia chache, wakati feni ya injini, ikikamatwa vizuri, inatumia kilowati kadhaa. Umeme wa alteneta haufiki huko. Mwenye kuvuta tela kwenye mlima wa joto abaki na feni ya injini, na ya umeme iwe nyongeza.

Halafu kuna kava la feni, lile duara la plastiki au bati linaloizunguka. Likivunjika hulegezwa, likitolewa halirudi. Bila kava, feni inavuta hewa kutoka popote penye urahisi, kutoka pembeni na kutoka injini, na rejeta inapata hewa kwenye duara la katikati tu. Pembe zake nne zinabaki bila kazi. Nafasi kati ya ncha za mapanga na kava iwe ndogo kadiri inavyowezekana bila kugusana injini inapotikisika. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, na kava lako limevunjika, nunua kava.

Presha, maji na dawa

Sasa tuingie kwenye maji. Mfuniko wa rejeta ni kifaa cha bei ndogo kinachofanya kazi kubwa. Springi yake inaacha presha ipande ndani ya mfumo mpaka kiwango chake, na presha inainua nyuzi za kuchemkia. Mfuniko wa ba 1 unayafanya maji matupu ya usawa wa bahari yachemke kwenye nyuzi 120 badala ya 100. Iringa, ambako hewa ni nyepesi, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Chini ya mfuniko mzima wa ba 1 yanangoja mpaka karibu 118. Mpira wa mfuniko ukikatika, umepoteza zaidi ya nyuzi 20 za usalama, na hakuna rejeta inayoweza kukurudishia. Usiweke mfuniko wa presha kubwa kuliko ulioandikwa na mtengenezaji ukidhani unaongeza akiba: mipira, mishono ya rejeta na hita vitapasuka kabla.

Maji ya mtoni na ya kisima cha chumvi yanaacha magaga ndani ya mirija. Shaba inapitisha joto zaidi ya mara 100 kuliko magaga hayo, kwa hiyo utando mwembamba tu unatosha kuiharibia kazi. Maji ya mvua yaliyochujwa au yale ya betri ni bora. Dumu la utingo lijazwe nyumbani.

Kulanti ya nusu kwa nusu ina tabia mbili. Inachemka kwa nyuzi za juu zaidi, ila inabeba joto pungufu kidogo kuliko maji matupu. Kitonga haigandi barafu, kwa hiyo wapo wanaosema maji matupu yanatosha. Wanachosahau ni dawa zilizomo kwenye kulanti. Injini kubwa za dizeli zina laina zinazooga moja kwa moja ndani ya maji. Kila mlipuko unaitetemesha laina, mapovu madogo yanazaliwa na kupasuka kwenye ukuta wake, na kila yanapopasuka yanadokoa chuma. Bila dawa, vishimo vinachimbika kidogo kidogo mpaka laina inatoboka na maji yanaingia kwenye oili. Fuata aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Usichague kwa rangi. Kijani ya kampuni moja inaweza kuwa dawa tofauti kabisa na kijani ya kampuni nyingine.

Kagua pia mpira wa chini wa rejeta, ule unaonyonywa na pampu. Ukiwa laini na springi yake ya ndani imeoza, unabonyea injini inapopanda mizunguko, maji yanakosa njia, geji inapanda. Ukisimama kukagua, injini imeshuka, mpira umerudi umbo lake, huoni kosa. Mwambie mwenzio akanyage, wewe utazame.

Thamostati iachwe mahali pake

Ushauri uliozoeleka zaidi katika gereji za barabarani ni kuitoa thamostati. Unasikika una akili: ondoa kizuizi, maji yapite. Kwenye injini nyingi za malori matokeo yake ni kinyume. Thamostati zake zina milango miwili. Unapofunguka ule wa kwenda kwenye rejeta, unafungwa ule wa njia ya mkato inayoyarudisha maji ya moto moja kwa moja kwenye pampu. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote. Maji yanapenda njia fupi. Sehemu yake inazunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta. Mlimani lori linachemsha zaidi, na kwenye baridi ya Mafinga alfajiri injini haipati joto lake, inakula mafuta, inachafua oili.

Thamostati inajaribiwa kwa sufuria ya maji na kipimajoto. Nyingi za dizeli zinaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 88, namba yake imepigwa muhuri juu yake. Ikichelewa au ikifunguka nusu, nunua nyingine ya namba ileile.

Rejeta yenyewe

Tumefika kwenye rejeta. Wazo lake la kisasa lina zaidi ya miaka 120: Wilhelm Maybach, kwa gari la Mercedes la hospawa 35 lililoanza kukimbia mwaka 1901, aliunga mirija midogo 8,070 ya milimita 6 kwa 6 na kuweka feni nyuma yake. Maji yaliyohitajika yalipungua kutoka lita 18 hadi 9. Alishinda kwa kuongeza eneo linalogusana na hewa, huku maji akiyapunguza.

Somo hilo bado linaamua manunuzi. Ukitaka kuongeza uwezo, ongeza kwanza upana na urefu wa uso wa rejeta, kama nafasi ipo. Unene unakuja baadaye, kwa kuwa safu ya tatu na ya nne ya mirija zinapokea hewa iliyokwisha kupata joto kwenye safu za mbele, na kila safu inaongeza ubishi dhidi ya feni. Rejeta nene yenye feni dhaifu inaweza kufanya vibaya kuliko nyembamba ya mwanzo.

Ya shaba inatengenezeka kwa lehemu mahali popote penye fundi. Ya aluminiamu yenye matanki ya plastiki ni nyepesi na inapoza vizuri, lakini plastiki ikizeeka inapasuka kwenye mshono, na ukarabati wake barabarani ni wa kubahatisha. Kuna ya aluminiamu tupu iliyochomelewa. Ni ghali, na kwa mwenye kuvuta mzigo mzito kila wiki inajilipa. Unapopeleka ya zamani kubadilishiwa kiini, hesabu mirija na mapezi kabla na baada. Kiini cha bei rahisi mara nyingi kina mirija michache iliyoachana, na kwa macho kinafanana kabisa na cha asili.

Kushuka nako kuna joto

Wengi wanadhani ukifika juu mtihani umeisha. Lori linaloshuka Kitonga na shaba kutoka Kongo linatakiwa kuipoteza nishati ileile lililoipata kupanda. Breki ya ekzosi na breki ya injini zinaitupa sehemu yake kubwa nje kwa bomba la moshi. Retada ya mafuta, ile inayokaa kwenye gia boksi, inaipeleka kwenye maji ya injini. Rejeta dhaifu ikipata moto, kompyuta ya lori inaipunguza retada nguvu, na dereva anajikuta amebaki na breki za miguu kwenye kona. Kwenye lori lenye retada, basi, kupoza injini ni suala la breki. Shuka na gia ya chini, mizunguko iwe juu, ili pampu na feni zifanye kazi.

Kupanda nako vivyo hivyo. Chagua gia kabla ya mlima. Injini inayokokota kwa mizunguko 1,100 inatoa joto jingi huku pampu na feni zikizunguka polepole; ukishusha gia ikafika 1,600, feni inayoendeshwa na injini inaongeza hewa karibu nusu zaidi.

Funga geji yenye namba. Sindano nyingi za dashibodi zimetengenezwa zisimame katikati kwa nyuzi nyingi tofauti, na zikianza kusogea umeshachelewa. Na ujue hila yake: senso inapima maji. Maji yakimwagika yote, senso inabaki hewani, na sindano inaweza kushuka injini ikiwa inaungua. Sindano ikishuka ghafla mlimani, usishangilie, zima.

Ikipanda pole pole na maji bado yamo, simama mahali salama, weka mawe kwenye tairi, iache injini ingurume juu kidogo ya kawaida mpaka joto lishuke. Mfuniko usiguswe mpaka mpira wa juu ubonyee kwa mkono. Mvuke wa rejeta umewaunguza uso watingo wengi. Na maji ya baridi yasimwagwe kwenye injini ya moto, silinda hedi itapasuka.

Basi ukitaka kuliandaa lori lako kwa tela na jua, pesa yako ipite kwa mpangilio huu: usafi na vibati vya hewa, kava na kilachi ya feni, mfuniko na mipira, thamostati, kulanti safi, geji ya namba. Ukimaliza hapo, lipakie uzito wake kamili, lipeleke mlimani saa nane mchana, usome namba. Namba zikikataa baada ya hayo yote, sasa una haki ya kumwambia tajiri anunue rejeta kubwa, na atakuwa anaijua sababu.